Mwanga hausimamishi muda: jibu kwa mwalimu wa Lindi

Swali: "Nafundisha fizikia sekondari ya kata mkoani Lindi. Kidato cha nne wamenibana kwa mambo mawili. La kwanza, basi la Mtwara likikimbia usiku limewasha taa, kwa nini mwanga wa taa usiwe na kasi yake pamoja na kasi ya basi? La pili, wamesoma kwamba ukifikia kasi ya mwanga muda unasimama. Mwanga una uhusiano gani na muda hata uusimamishe? Naomba jibu ninaloweza kuliandika ubaoni."

Mwalimu, pole na kazi. Nianze na la pili, maana hilo likikaa sawa la kwanza linakuwa jepesi.

Mwanga hauna mamlaka yoyote juu ya muda. Hauucheleweshi wala hauusimamishi. Kilichopo ni kasi moja, mita 299,792,458 kwa sekunde, tunayoiandika c, na kasi hiyo ni ya ulimwengu wenyewe. Mwanga huenda nayo kwa sababu hauna tungamo, na kitu kisicho na tungamo hakina kasi nyingine ya kuchagua. Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, si mwanga hata kidogo, nayo huenda vivyo hivyo. Tarehe 17 Agosti 2017 vipimo vilinasa mawimbi ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti ikapokea mionzi ya gama ya tukio lile lile. Safari ya miaka milioni 130, wakapishana kwa sekunde 1.7 tu.

Tazama na upande wa pili. Mwanga ukiingia majini hushuka hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde. Ndani ya nyuzi za mkongo wa intaneti ni kama 200,000, ndiyo maana data ikipita kilomita 560 za nyuzi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam haiwezi kufika chini ya milisekunde 2.8. Ingekuwa mwanga ndio unaoendesha muda, saa iliyozama baharini ingebadili mwendo kwa kuwa mwanga uliopo pale umepungua kasi. Haibadili. Inayohusika na muda ni c, si mwendo wa mwanga mahali fulani.

Sasa c inafanya kazi gani? Wavuvi wa Mikindani hupima kina cha maji kwa pima. Mtu mwingine akiwa amepima umbali wa juu ya maji kwa mita, na akataka kujua mshazari kutoka kwenye mashua hadi kwenye mwamba ulio chini, hawezi kuingiza namba hizo kwenye kanuni ya Pythagoras zilivyo. Lazima kwanza pima zigeuzwe mita. Kazi ya c ni hiyo: kugeuza sekunde ziwe mita, au mita ziwe sekunde, ili muda na nafasi viingie kwenye hesabu moja. Hermann Minkowski, aliyemfundisha Einstein hisabati kule Zürich, aliliweka jambo hili wazi mwaka 1908, miaka mitatu baada ya Einstein kuchapisha nadharia maalumu ya uhusianifu (special relativity). Na tangu mwaka 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kwa c: ni umbali ambao mwanga hupita ombweni kwa sehemu 1/299,792,458 ya sekunde. Ndiyo sababu namba hiyo haina desimali wala neno "takriban".

Turudi kwenye basi. Tuseme linakwenda kilomita 80 kwa saa, sawa na mita 22.2 kwa sekunde. Mwanafunzi anajumlisha 299,792,458 na 22.2, na simlaumu, maana ndivyo tunavyojumlisha kasi za vitu vyote tunavyovishika. Kanuni kamili ya kujumlisha kasi, u ikiwa kasi ya kitu kwa aliye ndani ya basi, v kasi ya basi, na w kasi ya kitu hicho kwa aliyesimama barabarani, ni hii:

w = (u + v) ÷ (1 + uv/c²)

Mtoto aliye ndani ya basi akirusha mpira mbele kwa mita 10 kwa sekunde, kile kipande cha uv/c² ni 2.5 × 10⁻¹⁵, yaani sifuri nukta, sifuri 14, ndipo 25. Hakuna rula wala saa ya shuleni itakayokigundua, hivyo 10 + 22.2 inatosha. Sasa mahali pa mpira weka mwanga, u = c. Juu unapata c + v. Chini unapata 1 + v/c, ambayo ni (c + v)/c. Gawanya: jibu ni c. Waache wajaribu kwa v yoyote ile, hata v = 0.9c, watapata c. Waonye tu wasiondoe kipande cha chini kwa kudhani daima ni kidogo. Hilo ndilo kosa la kawaida kabisa kwenye kanuni hii.

Mwendo wa basi haupotei bure hata hivyo. Unaingia kwenye rangi. Mwanga wa taa unaomfikia mtu aliyesimama mbele unasogea upande wa buluu kwa sehemu v/c, kama sehemu 7 kati ya milioni 100. Jicho haliwezi kuona hilo, lakini tochi ya trafiki inaweza. Tochi ya mawimbi ya redio ya gigahezi 24 ikilielekea moja kwa moja basi la kilomita 80 kwa saa, wimbi hurudi likiwa limeongezeka hezi 3,560 hivi, na mashine inageuza hezi hizo kuwa mwendo. Tochi ya leza hufanya tofauti: inapiga mapigo mafupi na kupima muda wa kwenda na kurudi. Basi likiwa mita 150, pigo linarudi baada ya mikrosekunde 1. Baada ya sekunde 0.3 basi limesogea mita 6.7, njia ya kwenda na kurudi imepungua mita 13.3, pigo linawahi kwa nanosekunde 44. Madereva wote wa njia ya Kibiti hadi Lindi wanaijua tochi, hivyo ni mfano mzuri darasani.

Lakini usiitumie kama ushahidi kwamba c haibadiliki. Basi ni la polepole mno kwa kazi hiyo. Ushahidi unatoka penye mwendo mkubwa. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walitumia mwendo wa dunia kulizunguka jua, kilomita 30 kwa sekunde, wakatafuta tofauti ya mwanga unaokwenda na mwelekeo huo na ule unaoukata. Kifaa chao kilikuwa na uwezo wa kuiona tofauti waliyoitarajia, na hawakuiona. Mwaka 1964, kwenye maabara ya CERN, chembe ziitwazo pioni zilizokuwa zikikimbia kwa 0.99975c zilivunjika na kutoa mionzi ya gama, nayo ikapimwa kasi. Kwa kujumlisha kwa kawaida ingekaribia 2c. Ilikuwa c.

Hapo ndipo muda unapoingia, Mwalimu, na hapa ndipo ungekaa muda mrefu zaidi na darasa. Kasi ni umbali gawanya kwa muda. Watu wawili wakipima mwanga ule ule na kupata kasi moja, huku umbali ambao kila mmoja anasema mwanga umepita ukitofautiana, basi muda wao lazima utofautiane. Hakuna mlango mwingine.

Chora saa ya mwanga. Vioo viwili vinatazamana ndani ya behewa, kimoja sakafuni na kingine juu, mita 1.5 kati yake. Pigo la mwanga linapanda na kushuka, jumla mita 3. Kwa ubao kadiria c kuwa mita 0.3 kwa nanosekunde, na ushike kadirio hilo mwanzo hadi mwisho. Mita 3 ni nanosekunde 10. Kwa abiria, hiyo ndiyo tiki moja ya saa yake. Sasa behewa liende kwa 0.6c. Mtu aliyesimama chini anaona kioo cha juu kimesogea wakati mwanga unapanda, kwa hiyo kwake mwanga umekwenda mshazari. Pembetatu mraba yake ina wima wa mita 1.5, mlalo wa 1.125 na mshazari wa 1.875. Waambie wahakikishe: 2.25 + 1.265625 = 3.515625, na kipeuo chake cha pili ni 1.875. Ni ile ile 3-4-5 waliyoizoea, kila upande umezidishwa kwa 0.375. Mwanga unapita mita 1.875 kwa nanosekunde 6.25, na katika nanosekunde hizo behewa limesogea 0.6 × 1.875, yaani 1.125, kama tulivyochora. Kupanda na kushuka ni nanosekunde 12.5. Saa ya abiria imehesabu 10.

Mwanafunzi makini atakuuliza mambo mawili hapa. Moja, kwa nini wima ubaki mita 1.5 kwa wote? Chukua nguzo mbili zenye urefu huo, moja behewani na moja kando ya reli, kila moja ina msumari kileleni unaoelekea upande wa nguzo ya pili. Zikipishana, msumari unakwaruza au unapita juu, na wote wanaona jambo moja. Mwendo ungekuwa unafupisha wima, kila mmoja angedai nguzo ya mwenzake ndiyo fupi, na mkwaruzo mmoja hauwezi kukubaliana na madai yote mawili. Jambo la pili: si ni saa ya mwanga tu iliyochelewa, je, saa ya mkononi? Saa ya mkononi ingeachana na saa ya mwanga iliyo kando yake, abiria angejua anakwenda bila kuchungulia dirishani, hata kama behewa limetulia kabisa katika mwendo wake. Tangu Galileo hakuna jaribio lolote lililowahi kumwonyesha mtu hivyo. Kwa hiyo saa zote zinakwenda pamoja: ya mkononi, mapigo ya moyo, betri inayoisha, mbegu ya korosho inayochipua.

Kwa jumla, muda wa aliyesimama ni muda wa abiria mara γ, ambapo

γ = 1 ÷ √(1 − v²/c²)

Kwa 0.6c ni 1.25. Kwa 0.8c ni 1.67, kwa 0.99c ni 7.09, kwa 0.9999c ni 70.7. Tahadhari ya vitendo: wanafunzi wakiweka mwendo wa basi kwenye kikokotoo cha shule, kitawaandikia 1 kamili, nao watahitimisha kwamba basi halina athari yoyote. Ni kikokotoo kilichoishiwa tarakimu. Kwa mwendo mdogo tumia kadirio γ − 1 ≈ v²/2c². Basi la kilomita 80 kwa saa linapata 2.75 × 10⁻¹⁵. Kilomita 560 kwa mwendo huo bila kusimama ni saa 7, sekunde 25,200. Zidisha: saa ya abiria itafika Dar es Salaam imechelewa kwa nanosekunde 0.07. Ndogo, lakini si sifuri.

Sasa mfano unaobeba somo zima. Barabara ya Lindi hadi Mtwara ni kilomita mia na kidogo. Tuseme 108, tuinyooshe, na hewa tuiondoe. Kwa c, kilomita 108 ni mikrosekunde 360. Andika "360" juu ya mstari badala ya kilomita. Weka saa moja Lindi na nyingine Mtwara, zimelinganishwa vizuri na watu wa huku kwetu. Chombo kinapita Lindi kwa 0.6c saa zote zikisoma sifuri. Kitafika Mtwara saa ya Mtwara ikisoma 360 ÷ 0.6, yaani mikrosekunde 600. Saa ya msafiri itasoma 600 ÷ 1.25, yaani 480. Kuna njia fupi zaidi ya kufika hapo, nayo ndiyo Pythagoras ya Minkowski, tofauti ikiwa alama moja tu: badala ya kujumlisha, unatoa. Muda wa chini ni ule wa saa za Lindi na Mtwara.

(muda wa msafiri)² = (muda wa chini)² − (umbali)²

600² − 360² = 360,000 − 129,600 = 230,400, na kipeuo cha pili ni 480. Alama hiyo ya kutoa ndiyo nadharia maalumu yote kwa ufupi wake.

Kisha mkono mmoja utanyanyuka nyuma ya darasa: "Mwalimu, kwa msafiri sisi ndio tunaokimbia, basi saa zetu ndizo zinazochelewa. Haiwezekani wote wachelewe." Usilikwepe swali hili. Walimu wengi hulijibu kwa kusema kila mtu ana mtazamo wake, na mwanafunzi anabaki na wasiwasi wake, tena wasiwasi wa haki. Jibu lina namba. Kwa msafiri barabara imefupika: 360 ÷ 1.25 ni 288, nayo kwa 0.6c inampita kwa 480, sawa na saa yake. Katika 480 hizo, anasema, saa za Lindi na Mtwara zimetembea 480 ÷ 1.25 tu, yaani 384. Iweje basi saa ya Mtwara isome 600 anapofika? Kwa sababu kwake saa hizo mbili hazikulinganishwa. Alipokuwa akipita Lindi, saa ya Mtwara kwa hesabu yake ilikuwa tayari imetangulia kwa v × umbali ÷ c², ambayo kwa vipimo vyetu ni 0.6 × 360, yaani 216. Jumlisha 216 na 384: ni 600. Wote wawili wanakubaliana juu ya kila kinachosomeka kwenye saa mahali ilipo. Wasichokubaliana ni swali la "sasa hivi Mtwara ni saa ngapi" wakati mtu yuko Lindi. Ukifundisha kuchelewa kwa saa bila hili la "sasa" kutofautiana, umefundisha kitendawili, na watoto watakibeba hivyo hivyo.

Waonyeshe pia kinachotokea muda wa chini ukipungua hadi 360. Hapo 360² − 360² ni sifuri. Hicho ndicho kiini cha ule usemi wa muda kusimama, na nitaurudia. Ukijaribu 300, unapata namba hasi chini ya kipeuo. Maana yake hakuna saa inayoweza kuwapo Lindi kwenye sifuri na Mtwara kwenye 300, na jambo lililotokea Lindi halikuweza kusababisha jambo la Mtwara mapema kiasi hicho. Kikomo cha c kinalinda mpangilio wa sababu na matokeo, ndiyo maana kinagusa kila kitu, si mwanga peke yake.

Ushahidi kwamba haya si hesabu za ubaoni tu unapita miilini mwenu muda huu. Miale kutoka anga za mbali ikigonga hewa kilomita 15 hivi juu yetu huzaa chembe ziitwazo muoni. Muoni aliyetulia huishi wastani wa mikrosekunde 2.2. Kwa 0.995c, bila uhusianifu, wastani wa safari yake ni mita 655 tu, na atakayefika usawa wa bahari angekuwa mmoja kati ya bilioni karibu 9. Kwa γ ya 10, wastani unakuwa kilomita 6.6, na anafika mmoja kati ya 10 hivi, ukiacha nguvu wanayopoteza hewani. Pwani ya Mtwara hupita kama muoni mmoja kwa dakika katika kila sentimita mraba, kama ilivyo mahali popote usawa wa bahari. Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walihesabu muoni wa mwendo fulani juu ya Mlima Washington nchini Marekani, wakapata kama 560 kwa saa, kisha wakahesabu chini usawa wa bahari: kama 410. Bila muda kurefuka wangebaki kama 27. Na kwa muoni mwenyewe? Maisha yake ni mikrosekunde 2.2 zile zile. Kwake ni hewa iliyofupika kutoka kilomita 15 hadi 1.5. Namba ya wanaofika ni ile ile kwa hesabu zote mbili.

Ushahidi mwingine uko kwenye simu. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, zinakwenda kilomita 3.87 kwa sekunde. Mwendo huo unazichelewesha saa zake kwa mikrosekunde 7 kwa siku. Lakini huko juu mvutano wa dunia ni hafifu, na nadharia ya jumla ya uhusianifu inasema saa iliyo juu hukimbia. Hapo zinawahi kwa 45. Tofauti ni 38 kwa siku zikiwahi. Kwa hiyo saa hutengenezwa zikiwa za polepole kidogo kabla ya kurushwa: badala ya megahezi 10.23 huwekwa 10.22999999543. Setilaiti ya majaribio iliyorushwa Juni 1977 iliachwa siku 20 bila marekebisho ili kupima kama wananadharia wanasema kweli. Ilionekana ikikimbia kwa sehemu 442.5 kati ya trilioni moja, nadharia ikiwa imesema 446.5.

Utasikia wakisema bila marekebisho hayo mvuvi wa Msimbati angepotea kilomita 11 kwa siku. Mikrosekunde 38 mara c ni kilomita 11 kweli, lakini hilo ni kosa la kupima umbali wa kila setilaiti. Zikikosea zote kwa kiasi kimoja, sehemu kubwa ya kosa huangukia kwenye saa ya kipokezi, ambayo kipokezi huikokotoa yenyewe. Kinachomvuruga mvuvi hasa ni pale setilaiti moja inapokosea tofauti na nyingine. Njia zake si duara kamili, hivyo zikikaribia dunia zinaongeza mwendo na zikiwa mbali zinapunguza; kwa njia iliyoachana na duara kwa kipimo cha 0.02 (duara kamili ni 0) saa huyumba kwa nanosekunde 46 hivi kila upande, ambazo ni mita 14. Sahihisho hilo hufanywa ndani ya kipokezi chenyewe, kila mara.

Wakikuuliza kuhusu kuzunguka kwa dunia, maana Mtwara inakwenda mashariki kwa mita 457 hivi kwa sekunde na ncha ya kaskazini haiendi, jibu ni kwamba mwendo huo peke yake ungeichelewesha saa ya Mtwara, lakini dunia imetuna katikati, hivyo Mtwara iko mbali zaidi na kitovu, na mambo hayo mawili yanafutana kwa saa zote za usawa wa bahari. Ukipanda hali inabadilika: kila mita 100 saa inawahi kwa mikrosekunde 0.34 hivi kwa mwaka. Newala iko mamia ya mita juu ya Mtwara mjini, kwa hiyo saa yake inatangulia.

Sasa ule usemi kwamba ukifikia kasi ya mwanga muda unasimama. Weka v = c kwenye γ: unagawanya kwa sifuri. Mwanafunzi ataandika "haina kikomo" kisha atahitimisha kwamba mwanga hauoni muda. Mzuie hapo. Kanuni ya γ ilitokana na saa iliyotulia ndani ya behewa. Kwa mwanga hakuna behewa la namna hiyo: hakuna mtu yeyote, kwa mwendo wowote, ambaye kwake mwanga umetulia, na hilo ndilo tulilolianzia. Kuuliza fotoni, yaani chembe ya mwanga, inaona nini ni kuuliza saa iliyotulia pale ambapo hakuna kilichotulia. Unachoweza kusema kwa usahihi ni kwamba kati ya fotoni kutoka juani na kufika Lindi kwetu zimepita sekunde 499, na ukitoa umbali kwenye muda kwa kanuni ya Minkowski unapata sifuri. Sifuri hiyo ni sifa ya njia. Si hisia ya msafiri.

Kwa chenye tungamo, c haifikiki. Protoni zilizozungushwa kwenye mashine kubwa ya CERN kwa nishati ya teraelektronivolti 6.5 zilikuwa zimebakiza mita 3 hivi kwa sekunde kufikia c. Ukiongeza nishati mara mbili, upungufu huo unabaki robo, hauishi. Tena anayekimbia hajisikii kuchelewa hata kidogo. Alpha Centauri, ile nyota ang'avu ya upande wa kusini karibu na Msalaba wa Kusini, iko miaka ya nuru 4.37. Msafiri wa 0.99c atafika kwa miezi 7 na nusu ya saa yake, wa 0.9999c kwa siku 23 hivi, sisi huku tukihesabu miaka 4 na miezi kadhaa kwa wote. Na kila mmoja wao akiwasha taa mbele, mwanga unamwacha kwa mita 299,792,458 kwa sekunde, sawa na unavyomwacha mwanafunzi aliyekaa darasani. Hakuna aliyeukaribia.

Ukiwa na vipindi viwili, cha kwanza kitumie chote kwa saa ya mwanga, cha pili kwa barabara ya Lindi na Mtwara. Mambo ya setilaiti wasome wenyewe. Zoezi la nyumbani: barabara ile ile ya 360, chombo cha 0.8c. Majibu ya kusahihishia: saa ya Mtwara 450, saa ya msafiri 270, saa za barabarani kwa hesabu ya msafiri zimetembea 162, na ya Mtwara ilitangulia kwa 288. Atakayekosa mara nyingi atakuwa amegawanya 450 kwa 1.67 akapata 269.5, mwambie atumie 5/3.